Bakuli la kijani na alama iliyo chini yake

Wasomaji wa ng'ambo hii ya mto mmezoea kunisoma juu ya kivuko kilichokwama, bei ya mtumbwi inayopanda kila mvua ikitanda, na mmomonyoko unaokula barabara zetu. Leo mnivumilie kidogo. Nataka kuandika juu ya bakuli. Asiyependa mambo ya vyombo asikimbie, maana mwishoni kuna tangazo, na huenda tangazo hilo linamhusu.

Nyumbani kwangu kuna vyombo 24 vya kioo vya zamani. Miezi miwili iliyopita vilikuwa 26. Vimepangwa juu ya rafu ya mbao karibu na kitanda, na mtu anayeingia mara ya kwanza huuliza bei. Siuzi. Nilianza kuvikusanya mwaka 2019: sahani, glasi, vikombe visivyo na visosi, visosi visivyo na vikombe, chombo cha siagi kilichopoteza mfuniko. Jirani mmoja aliniambia kwa pesa zile ningenunua mabati. Alisema kweli, nyumba yangu inavuja.

Ugonjwa huu niliurithi kwa koko. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Vijana wanaoona nyasi zimeota kati ya vyuma hawajui reli hii ilikuwa nini. Kutoka Lubunga hadi Ubundu ni kilomita 125, na ilifunguliwa mwaka 1906 kwa sababu maporomoko ya Wagenia hayaruhusu meli kupanda mto. Kwa miaka mingi mzigo uliotoka Kindu na Katanga kwa njia hii ulishuka hapa kwetu, ukabebwa mabegani kutoka behewani hadi majini. Mume wa koko hakuacha nyumba ya matofali wala pensheni. Aliacha bufe.

Mnaijua bufe. Kabati la sebuleni lenye milango ya kioo, limefungwa kwa ufunguo ambao mama anaufunga kwenye ncha ya kitenge. Ndani yake vinakaa vyombo vya wageni, na wageni hawaji. Sisi wajukuu tulikuwa na ruhusa ya glasi tu, siku ya Noeli na siku ya Mwaka Mpya. Zilikuwa glasi za Duralex, na chini ya kila moja palikuwa na nambari ndogo. Tukimaliza kunywa tulizigeuza na kusoma umri wetu: mimi nina 31, dada ana 7, mjomba mwenye ndevu ana 4, na hapo kicheko kinatuua. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba watoto wa Ufaransa nao walicheza mchezo huohuo katika vyumba vya kulia vya shule. Nambari ile ni ya kalibu iliyotoa glasi. Kiwanda kikiona glasi zenye kasoro, kinatafuta nambari na kuitoa kalibu mbovu kazini. Kiwanda chenyewe kiko La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na Orléans, na jina la Duralex lilianza kutumika mwaka 1945.

Glasi hizo zilituletea siku tatu za maombi. Usiku mmoja tulisikia mlipuko ndani ya bufe iliyofungwa. Asubuhi tukakuta glasi moja imekuwa punje ndogondogo kama chumvi ya mawe, na nyingine zote zimesimama salama kando yake. Hakuna aliyeigusa, ufunguo ulikuwa kiunoni kwa koko. Mchungaji aliitwa, na shangazi mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote akaangaliwa kwa jicho baya mwaka mzima. Leo naweza kueleza. Kioo cha namna ile huchomwa mpaka karibu digrii 700 kisha kinapulizwa upepo wa baridi kwa ghafla. Ngozi yake ya nje inakaza, moyo wake unabaki ukivuta. Ndiyo maana kinaanguka sakafuni bila kuvunjika. Lakini mkwaruzo mmoja ukiingia ndani polepole, siku moja kinalipuka chenyewe, na kinakuwa punje badala ya vipande vya kukata. Koko alikufa kabla sijaweza kumweleza. Sidhani angekubali.

Kazi hii ya kuandika habari ndiyo iliyonipeleka kwenye vyombo vya watu wengine. Mwandishi wa mtaa anakwenda matanga mengi. Kwenye matanga vyombo vya nyumba kumi vinaoshwa katika beseni moja, na ikifika siku ya kuondoa kilio, lazima kila mama apate vyake. Wanafanyaje? Geuza sahani yoyote ya Lubunga utaona: tone la verni ya kucha, nyekundu au zambarau, mstari mmoja au miwili, msalaba, herufi. Kwenye vijiko wanafunga uzi. Mama akishachagua alama yake habadilishi, na binti akiolewa huchukua ya mama yake na kuongeza nukta. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwatazama wakigeuza vyombo haraka haraka, hii yako, hii yangu, hii ya mama wa pale kwenye mwembe, na hakuna aliyekosea. Siku hiyo nami nikaanza kugeuza. Chini ya verni nikaona maandishi mengine, yaliyokuwa ndani ya kioo chenyewe.

Hayo ndiyo yaliyonishika. Usiku, nikiwa na megabaiti, nilitafuta kila alama kwenye simu mpaka betri ikaisha. Nitawapa machache niliyojifunza, kwa sababu wengi wenu mnakula juu ya vitu hivi bila kuvijua.

Sahani za rangi ya asali ambazo kila familia ilikuwa nazo ni za Ufaransa. Nyeupe kama maziwa zenye maua ya buluu au ya machungwa ni Arcopal, nazo zilitoka Arques, kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia mwaka 1958. Vyombo vizito vya Kibelgiji vilivyoachwa na wakoloni vinaweza kuwa vya Val Saint-Lambert, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1826 ndani ya abasia ya zamani huko Seraing, kando ya Liège. Lakini vilivyonipa kazi ni vya Marekani, na huko ndiko nilikojifunza kusoma kioo kwa vidole.

Karibu vyombo vyote hivi havikupulizwa kwa mdomo wala kuchongwa. Vilishindiliwa. Mtu anadondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma, mwingine anavuta mkono wa mashine, nyundo yenye umbo inashuka na kukisukuma kioo kwenye kila kona ya ua lililochorwa ndani ya kalibu. Waamerika waliifanya hiyo kuwa biashara kubwa kuanzia miaka ya 1820. Deming Jarves alianzisha kiwanda chake huko Sandwich, Massachusetts, mwaka 1825. Mwanzoni kalibu zilikuwa baridi mno na kioo kilitoka kimekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Unajua walifanya nini? Walijaza uso wote vitone vidogo na maua, ili mikunjo isionekane. Mama anayeshona kiraka chenye umbo la ua juu ya tundu la nguo anaelewa mara moja.

Basi, ukitaka kujua kama chombo kilishindiliwa, pitisha ukucha ubavuni. Utakutana na mshono, mstari mwembamba pale vipande vya kalibu vilipokutana. Mishono mitatu, kalibu ya vipande vitatu. Tia kidole ndani: ndani ni laini tupu, maana nyundo ndiyo iliyopita hapo. Kisha gusa kingo za maua. Kioo kilichochongwa kwa gurudumu kinakwaruza kidole. Cha kushindiliwa kingo zake ni za duara, kama kipande cha sabuni kilichooshea nguo siku mbili. Mwisho, kigonge kidogo kwa ukucha. Kikiimba kirefu kama kengele, kina risasi ndani. Kikisema neno moja na kunyamaza, ni kioo cha soda na chokaa, ambacho William Leighton alikiboresha huko Wheeling mwaka 1864. Kilikuwa rahisi mno kuliko kile cha risasi, na tangu hapo kioo kikashuka kutoka meza ya tajiri hadi meza ya mchimba makaa.

Kikashuka hata zaidi. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 1929, viwanda vilishindilia vyombo vya rangi, kijani, waridi, manjano, kwa bei ya karibu na bure. Watu walivikuta ndani ya maboksi ya shayiri, au walipewa mlangoni mwa sinema wakinunua tiketi. Sisi nasi tunakuta kikombe cha plastiki kimefungwa pamoja na sabuni ya unga, na tunanunua sabuni ile kwa ajili ya kikombe.

Sasa bakuli.

Nililinunua katikati ya mwaka 2023, kwenye bichi yetu, pale tunapopandia mitumbwi. Mnakumbuka mwaka ule. Mapigano kati ya Wambole na Walengola yalikuwa yamefika mpaka ndani ya Lubunga, nyumba zimechomwa, watu wamevuka mto na magodoro kichwani. Kijana mmoja alikuwa ameketi kando ya mfuko wa mchele uliojaa vyombo. Nilichagua bakuli la kijani kibichi, lenye ukingo mnene na mistari ubavuni, nikampa franka elfu tatu. Sikuuliza limetoka wapi. Nilijua kwa nini siulizi. Na halikuwa peke yake. Mwaka ule na uliofuata nilinunua vyombo 17, zaidi ya vyote nilivyokuwa navyo mwanzo. Bei zilikuwa chini sana. Nilijiambia kwamba nisiponunua mimi, vitavuka mto na kupotelea sokoni, na kwamba walau kwangu vinatunzwa. Maneno hayo nimeyaandika hapa jinsi nilivyojiambia.

Chini ya bakuli kuna herufi H kubwa, na chini yake, katikati ya miguu ya H, herufi A ndogo. Mwaka mzima niliamini ni Anchor Hocking, kwa sababu herufi zinafanana na jina. Nilikosea kama wengi wanavyokosea. Anchor Hocking, iliyopata jina hilo mwaka 1937, ilitumia nanga iliyopandana na H. H yenye A ndogo ni Hazel-Atlas, kampuni ya huko Wheeling iliyoundwa mwaka 1902. Mabakuli yake ya jikoni yaliuzwa kwa seti, moja linaingia ndani ya lingine kama sufuria zetu za aluminiamu. Langu lilikuwa la katikati. Nilijua basi kwamba lina ndugu wakubwa na wadogo mahali fulani.

Rafiki yangu mmoja ni kambisti katika soko kuu la Kisangani. Ana taa ndogo ya zambarau ya kupimia dola. Mnajua jinsi dola inavyochunguzwa hapa kwetu, ikiwa na tundu la sindano tu inarudishwa kana kwamba ina ukoma. Nilikuwa nimesoma jambo, nikaazima taa ile usiku mmoja. Nilizima koroboi, nikawasha taa juu ya rafu. Glasi zilibaki gizani. Sahani za asali gizani. Bakuli likawaka. Rangi ya kijani ya mdudu wa usiku, lote, kutoka ukingoni hadi chini, kana kwamba kuna mshumaa ndani ya kioo. Niliruka nyuma, nami ndiye niliyekuwa nikilitafuta jambo hilo.

Ni urani. Viwanda vilitia kidogo ndani ya kioo ili kupata kijani kile, mara nyingi chini ya asilimia mbili. Kukishika hakuna hatari, ingawa mimi siwezi kupakulia chakula ndani yake. Kuna kioo kingine kinachong'aa kijani hafifu kwa sababu ya manganizi, na wanaoanza hudanganyika. Cha urani hakikuachi na shaka. Na hicho kinakupa hata umri. Wakati wa vita vya pili serikali ya Marekani ilizuia urani isitumiwe na viwanda vya vioo, ikairuhusu tena mwaka 1958. Bakuli la namna hii linalowaka lina uzee wa kabla ya vita.

Na urani ilitoka wapi? Hapa niliweka simu chini nikatoka nje kupunga upepo. Kuanzia mwaka 1921 Union Minière ilichimba Shinkolobwe, Katanga. Madini yalikwenda Olen, Ubelgiji, kutolewa radi ya hospitali, ambayo gramu moja tu ilikuwa mali kubwa. Urani ilikuwa makapi. Makapi hayo yaliuzwa kwa watengenezaji wa vioo na vigae vya rangi, na kwa miaka kadhaa hakuna mgodi duniani ulioshindana na ule. Baadaye, mwaka 1940, Edgar Sengier alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za madini ya Shinkolobwe hadi New York, na historia ya kilichofuata mnaijua, Hiroshima. Lakini kabla ya bomu, jiwe la Kongo liliwahi kuwa rangi ya bakuli la kukandia unga.

Nilikuwa na furaha ya mtoto. Nilionyesha kila mgeni. Na siku moja, mwezi wa nane, mgeni alikuwa mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo ya pili baada ya miaka miwili ya kuishi kwenye kambi ya waliohama. Sitaandika ni wa kabila gani. Najua mnataka kujua, na ndiyo sababu siandiki. Alikuja kunipa habari za kiwanja chake, ambacho mtu mwingine amekwisha kujenga juu yake. Nilitaka kumchangamsha kidogo. Nikafunga dirisha, nikawasha taa.

Hakuangalia mwanga. Alinyosha mkono gizani, akalichukua bakuli, akapapasa chini yake kwa kidole gumba.

"Fungua dirisha," alisema.

Nikafungua. Chini ya bakuli, pembeni ya H na A, palikuwa na alama ya verni nyekundu iliyofifia. Mimi nilikuwa naiona kila siku. Nilipanga kuisugua.

"Mtoto yangu, hii bakuli iko ya mama yangu. Yalikuwa matano. Mengine yako wapi?"

Nilimweleza nilipolipata na bei niliyolipa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza tena mengine yako wapi, nikasema nililipata moja tu. Akaketi kitandani, bakuli mapajani, akanisimulia. Mama yake alifua nguo kwa wamisionari wa Kimarekani, kabla ya uasi wa 1964. Wenyewe waliondoka katika zile siku za Novemba, askari wa Kibelgiji waliposhuka kutoka ndege za Marekani juu ya Stanleyville, na nyumba ikabaki wazi. Mama yule aliyachukua mabakuli kabla wengine hawajayachukua. Akachimba shimo chini ya jiko lake, akayafukia ndani ya gunia.

"Aliwangoja. Miaka mitatu hakupika ndani yake. Alisema, wakirudi wayakute. Hawakurudi. Ndipo akayatoa, siku ya ubatizo wangu."

Mwaka 2023 yeye mwenyewe hakupata muda wa kuchimba.

Sikuwa na la kusema. Nikamwomba atazame rafu yote. Alivigeuza vyombo kimoja kimoja, kama wanavyofanya asubuhi ya kuondoa kilio, bila haraka safari hii. Hakuona chake kingine. Lakini alivitambua viwili vya wenzake. Bakuli la sukari alisema ni la mama mmoja anayeuza samaki upande wa pili. Nimempelekea Jumatatu iliyofuata, na akanilipa samaki ambaye sikutaka kumpokea na nikampokea. Sahani moja ya asali alisema ni ya mwanamke aliyefariki kambini. Watoto wake wametawanyika, hajui wako wapi. Aliirudisha sahani ile mahali pake, akaisogeza nyuma kidogo, mbali na ukingo.

Kisha akafika kwenye vyombo vilivyong'aa kuliko vingine.

"Hizi hazina alama."

Zilikuwa nazo. Nilikuwa nimezisugua kwa dawa ya kutoa verni, vyombo saba, ili chapa ya kiwanda ipigwe picha vizuri. Najua sasa kwamba glasi moja ni ya Ufaransa, najua kalibu iliyoitoa, na sijui ilikuwa ya nyumba gani ya avenyu gani hapa Lubunga. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Uliosha sana," akalifunga bakuli ndani ya kitenge, akatoka.

Amelipeleka wapi sijui, kwa sababu bado analala kwa dada yake na bufe hana. Taa ya kambisti nimeirudisha.

Tangazo lenyewe ni hili. Vyombo tisa kati ya nilivyo navyo nilinunua kabla ya 2023 kwa watu ninaowajua, na hao niliwauliza. Kumi na vitano nilinunua bichi tangu mapigano. Ni hivi: sahani nne za rangi ya asali, mabakuli mawili meupe ya Arcopal, glasi tano za Duralex, visosi vitatu vyenye mistari, na chombo cha siagi cha kioo cheupe kisicho na mfuniko. Kama ulipoteza kimojawapo, njoo. Niko nyumbani kila Jumapili baada ya ibada, mtoto yeyote wa kartie atakuonyesha. Sitaki pesa niliyotoa. Aliyeko bado ng'ambo ya pili na hana nauli anitumie ujumbe, nitavuka mimi.

Alama za verni sitaziandika hapa wala kuweka picha zake. Vyombo vinane bado vinazo, na mwenye chombo atanitajia rangi na umbo kabla sijakigeuza. Kwa vile saba nilivyosugua itabidi tuzungumze: ufa uko upande gani, ulikuwa unapakua nini ndani yake, nani alikivunja pembe na akapigwa. Nitamwamini anayekumbuka.

Nne kati ya glasi hizo tano zimo katika vile saba, na glasi hazina ufa wala pembe. Hapo njooni na watoto wenu waliokunywa humo. Wao watakuwa wanazijua nambari.